Hali ya Hewa na Kazi Zetu: Amua Jioni, Ukiwa Bado Nchi Kavu



Mwezi huu ukurasa wetu unazungumza na watu wa mwaloni. Tunazungumza na wavuvi, manahodha, wenye mitumbwi, na akina mama wanaosubiri dagaa asubuhi. Tunazungumza pia na wakulima wa Usagara, Misungwi, Magu, Sengerema na Ukerewe. Kwa nini? Kwa sababu wingu linalomtisha mvuvi usiku mara nyingi ni ndugu wa wingu lililomnyeshea mkulima mchana.

Jambo letu ni moja. Dhoruba ya ziwani haianzi pale inapokupiga. Huanza kutengenezwa saa nyingi kabla yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuitambua mapema, na wataalamu wanaweza kuitabiri. Lakini utabiri humsaidia mtu aliye nchi kavu. Mtu aliyekwisha fika katikati ya ziwa usiku, utabiri humsaidia kidogo sana.

ZIWA LETU NI KUBWA

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukichukua nchi ya Rwanda na nchi ya Burundi ukaziweka pamoja, bado ziwa ni kubwa kuliko hizo mbili. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa. Sehemu inayobaki ni ya Uganda na Kenya.

Wavuvi wapatao 200,000 wa nchi hizo tatu wanapata riziki yao humo. Wasafiri pia ni wengi. Tangu mwaka 2025, daraja la Kigongo na Busisi limewapunguzia watu wa Mwanza na Geita kazi ya kupanda kivuko. Lakini watu wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine bado wanasafiri majini.

Watu wengi hufa katika ziwa hili. Kwa miaka mingi mashirika ya kimataifa yamekadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ajali za majini. Si wote wanaouawa na dhoruba. Wengine huuawa na mzigo uliozidi, au chombo kibovu. Lakini upepo mkali na mawimbi ni sababu kubwa.

KWA NINI DHORUBA HUJA USIKU?

Fanya jaribio hili. Saa 8 mchana tembea peku juu ya mchanga wa ufukweni. Mchanga unaunguza. Kisha ingia majini. Maji ni baridi. Rudi usiku wa manane. Sasa mchanga ni baridi, na maji yana vuguvugu. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole.

Hewa ya joto hupanda juu. Ikipanda, hewa nyingine huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo.

Mchana nchi kavu ina joto zaidi. Hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Upepo huo hubeba unyevu. Ndiyo maana mawingu ya mvua ya ngurumo hujengeka juu ya mashamba na vilima wakati wa alasiri. Mara nyingi mvua hiyo hunyesha kati ya saa 8 mchana na saa 2 usiku.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu imepoa. Maji bado yana joto. Sasa upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ziwa letu lina umbo la karibu duara. Upepo hutoka pande nyingi, kisha hukutana katikati. Hewa ikikutana haina pa kwenda ila juu. Nayo hubeba mvuke mwingi wa maji ya ziwa. Mvuke huo hupoa huko juu na kuwa wingu.

Wingu la dhoruba linaweza kupanda zaidi ya kilomita 12. Mlima Kilimanjaro hauna hata nusu ya urefu huo. Ndani ya wingu mna maji na mna barafu. Mna radi pia. Dhoruba nyingi za ziwani hupata nguvu kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Kisha upepo wa juu, ambao mara nyingi hutoka mashariki, huzisukuma kwenda magharibi.

Ndiyo maana Bukoba, iliyo magharibi ya ziwa, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza hupata karibu nusu ya hiyo. Tukumbuke pia asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ilipojaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walikufa. Wavuvi wa Bukoba walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa, wakitumia mitumbwi yao.

Sasa tazama kazi yetu. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni. Hutega taa usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Hurudi asubuhi. Yaani saa zake za kazi ni zile zile saa za dhoruba. Hapo ndipo hatari ilipo.

KITU KINACHOPINDUA MTUMBWI

Watu wengi huogopa mvua. Lakini mvua yenyewe si adui mkubwa wa mtumbwi. Adui mkubwa ni upepo unaotangulia mvua.

Mvua na barafu zikianguka kutoka katika wingu, huvuta hewa ya baridi kuja nayo chini. Hewa hiyo huanguka kwa nguvu. Ikigonga maji hutawanyika pande zote, kama uji uliomwagika sakafuni. Kwa hiyo unaweza kukaa mahali pakavu, nyota zikionekana juu yako, na upepo wa dhoruba ukakufikia. Ukisikia upepo umegeuka ghafla na umekuwa wa baridi, umebakiwa na dakika chache tu.

DALILI ZA KUANGALIA

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Zitazame dalili hizi kwa utaratibu.

1. Mchana kuna joto la kufukuta, na mawingu yanapanda juu upesi kama moshi wa tanuri. Kichwa cha wingu kikitanuka kama uyoga, hiyo ni dhoruba iliyokomaa.

2. Alasiri kuna ngurumo nchi kavu, hasa upande wa mashariki. Kwa mtu wa Mwanza, huko ni upande wa Magu, Bunda na Serengeti. Dalili hii wengi huipuuza. Husema, "Mvua imekwisha nyesha huko, usiku utakuwa shwari." Sivyo. Mtaalamu Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walichunguza picha za setilaiti za miaka mingi. Mwaka 2017 walieleza kwamba dhoruba kali za usiku ziwani mara nyingi hutanguliwa na dhoruba za alasiri nchi kavu. Kwa hiyo mchana wa ngurumo nyingi ni onyo la usiku.

3. Usiku unaona mimweko ya radi mbali, lakini husikii ngurumo. Sauti ya ngurumo haifiki mbali sana. Kwa kawaida haizidi kilomita 20. Mwanga wa radi huonekana mbali zaidi ya hapo. Usijipe moyo kwa sababu kuna kimya. Tazama mimweko inakwenda upande gani.

4. Unaona mwanga, kisha unasikia ngurumo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukihesabu 30, radi iko umbali wa kilomita 10. Hiyo ni karibu mno. Uwe umekwisha ondoka.

MACHO YETU HAYAFIKI KOTE

Dalili hizi ni nzuri, lakini hazitoshi. Mtu aliyesimama mwaloni haoni kila kitu. Dhoruba inaweza kuwa inajengeka upande wa Mara, au upande wa Kenya, na yeye haijui. Hapo ndipo tunapohitaji Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA.

TMA ina vituo vya kupima upepo, joto na mvua. Inapata picha za setilaiti zinazoonyesha mawingu kutoka juu. Tena ina rada hapa Mwanza. Rada hufanya kazi namna gani? Sisi wa Mwanza tunaishi kati ya majabali. Ukipiga kelele mbele ya jabali, sauti yako hukurudia. Rada nayo hutuma mawimbi yasiyoonekana. Yakigonga matone ya mvua yanarudi. Mtaalamu akiangalia yalivyorudi, hujua mvua iko wapi, ni kubwa kiasi gani, na inaelekea wapi.

Kati ya mwaka 2017 na 2021 nchi za Afrika Mashariki zilifanya kazi pamoja katika mradi ulioitwa HIGHWAY. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuongoza, na Uingereza iliugharamia. Kwa mradi huo, Tanzania, Kenya na Uganda zilijifunza kutoa utabiri maalumu wa ziwa kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Utabiri huo hutaja upepo, mawimbi, mvua na rangi ya hatari. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa ziwani vilipungua kwa karibu 30 katika kila 100. Hawa ni watu waliosikia, wakaamini, wakachukua hatua.

TUSOME UTABIRI PAMOJA

Tangazo hili tumelitunga kwa ajili ya kujifunzia. Lisome kwa sauti, polepole.

"Utabiri wa Ziwa Viktoria kuanzia saa 12 jioni ya leo. Upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 yanatarajiwa kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mvua ya ngurumo inatarajiwa katika baadhi ya maeneo. Angalizo limetolewa. Uwezekano wa kutokea ni wa wastani."

Sasa tulieleze.

Mawimbi ya mita 2: Mita 2 ni zaidi ya kimo cha mtu mzima. Simama kando ya mtumbwi wako, pima ubavu wake kwa mkono. Je, ubavu huo unaweza kuzuia wimbi linalozidi kichwa chako?

Baadhi ya maeneo: Dhoruba haifuniki ziwa lote. Inaweza kupiga Ukara na kuiacha Mwanza. Lakini jioni hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wewe utakuwa upande ulioachwa.

Angalizo: TMA ina ngazi tatu za onyo. Angalizo lina rangi ya njano. Maana yake, fungua macho, fuatilia taarifa. Tahadhari ina rangi ya chungwa. Maana yake, jiandae, hatari imekaribia. Tahadhari kubwa ina rangi nyekundu. Maana yake, chukua hatua sasa, usitoke.

Uwezekano: Neno hili ndilo linaloleta ugomvi. Utabiri unatangaza dhoruba. Usiku unapita shwari. Watu wanasema, "Wametudanganya. Wametukosesha dagaa." Ndugu msomaji, mfugaji hufunga zizi lake kila usiku. Fisi haji kila usiku. Je, mfugaji amedanganywa? Hapana. Anajua kwamba usiku mmoja wa kuacha zizi wazi unatosha kummalizia kondoo. Utabiri si kiapo. Ni kusema kwamba usiku huu fisi ameonekana karibu na kijiji.

NANI AAMUE?

Hapa tuseme kweli bila kuoneana haya.

Mtumbwi wa dagaa hubeba watu wanne au zaidi. Mara nyingi mwenye mtumbwi, yule tunayemwita tajiri, hayumo. Amebaki nyumbani. Tajiri amenunua mafuta, amelipia taa na nyavu. Anataka mtumbwi utoke. Wavuvi nao hulipwa kwa mgawo wa walichovua. Wasipotoka, hawali. Mvuvi akisema, "Leo hali ni mbaya," anaogopa kwamba kesho nafasi yake atapewa mwingine. Basi anatoka akiwa na hofu moyoni. Huyo hakukosa elimu. Amekosa nguvu ya kukataa.

Kwa hiyo uamuzi usiachwe juu ya mvuvi mmoja. Uwe uamuzi wa mwalo mzima. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo kinaweza kukaa na matajiri na manahodha, wakakubaliana mambo haya:

Kwanza, mtu mmoja achaguliwe kusikiliza utabiri kila siku alasiri, kwenye redio au kwenye simu. Mtu huyo awe na msaidizi.

Pili, saa 11 jioni itundikwe bendera mahali pa wazi, panapoonekana na wote. Kitambaa cha njano kwa angalizo, cha chungwa kwa tahadhari, chekundu kwa tahadhari kubwa. Hata asiyejua kusoma atakielewa.

Tatu, siku ya kitambaa chekundu asitoke mtu, na asifukuzwe mtu kazi kwa sababu hakutoka. Siku ya chungwa na njano, wakubaliane mapema nani atoke, aende umbali gani, na arudi saa ngapi.

Nne, kila anayetoka aandikwe jina lake katika daftari, pamoja na upande anaokwenda. Hii ni kazi nzuri kwa mtu aliyejifunza kusoma na kuandika. Asubuhi daftari lisomwe. Asiyerudi atafutwe mara moja.

Tajiri naye apige hesabu. Usiku mmoja bila kuvua ni hasara ya usiku mmoja. Giza la mwezi lina usiku mwingi. Mtumbwi ukizama, zimezama na nyavu, taa na injini. Na watu wakifa, hakuna soko linalouza watu.

RADI HAICHAGUI MVUVI PEKE YAKE

Nchi kavu nako hatari ipo, hasa wakati wa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei. Tarehe 3 Machi 2015 mvua kubwa ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, usiku. Zaidi ya watu 40 walikufa. Hata katikati ya misimu hiyo radi ipo. Tarehe 27 Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Wanafunzi 7 walikufa, na wengine wengi waliumia.

Watu wengine husema radi hutumwa. Tazama radi inapopiga: mti mrefu, jabali, nguzo, mtu aliyesimama peke yake shambani, mtumbwi katikati ya maji. Radi hutafuta kitu kilichoinuka. Kwa hiyo ukisikia ngurumo, acha jembe. Usijifiche chini ya mwembe. Toka majini. Ingia katika nyumba imara au ndani ya gari, ukae mbali na mlango, dirisha na nyaya. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Walimu, msiwaache watoto uwanjani.

Mtu akipigwa na radi, mshike bila hofu. Mwili wake haubaki na umeme. Asipopumua, anayejua huduma ya kwanza amsaidie kupumua na kumkandamiza kifua. Mpelekeni hospitali upesi.

TUMALIZIE

Wataalamu wanasema kwamba dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali za usiku katika ziwa letu zitaongezeka. Kwa hiyo jambo hili si la mwezi huu tu. Watoto wetu nao watavua humu.

Ziwa halikatazwi kuchafuka. Lakini mtu anaweza kuchagua awe wapi linapochafuka. Alasiri tazama mashariki. Sikiliza redio. Tazama bendera. Kisha amua, miguu yako ikiwa bado mchangani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dhoruba nyingi hupiga nchi kavu alasiri na ziwani usiku?
2. Ngurumo nyingi za alasiri upande wa mashariki zinatuonya nini?
3. Umeona mwanga wa radi, ukahesabu hadi 15, ndipo ukasikia ngurumo. Radi iko umbali gani?
4. Eleza tofauti ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa.
5. Katika mwalo wenu, nani huamua mtumbwi utoke? Je, mvuvi akikataa kutoka kwa sababu ya hali ya hewa, hufanywa nini? Mngependa iwe namna gani?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya jaketi la kuokolea maisha: namna ya kulichagua, kulivaa na kulitunza. Tuandikieni mkubaliane nini katika mwalo wenu.